Namwinga Yupi

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Upepo ulianza kabla jua halijatoka na haukupumzika mpaka adhuhuri. Vumbi la barabara kuu liliingia hadi kwenye sufuria zilizofunikwa, na baridi ilikuwa ile ya kumfanya mtu aoshe vyombo kwa ncha za vidole. Saa nne na nusu asubuhi shangazi yangu Yuniki ameshuka kwenye basi hapa kwetu Mpemba, karibu na mpaka, baada ya kukaa Dar es Salaam miaka mitano kasoro miezi miwili. Amekonda usoni na kunenepa miguu. Alikuwa na begi moja, na mfuko wa plastiki ulioviringishwa na kufungwa kwa uzi wetu wa kazi, ule mnene uliopakwa nta. Nilitaka kumpokea vyote viwili. Begi alinipa, mfuko akaukumbatia. "Huu bado," alisema. Basi nikajua una neno.

Naandika daftari tangu nilipomaliza darasa la saba, na mara nyingi sijui naandika ili iweje. Leo najua kidogo. Nataka kuuandika mwaka 2020, ambao mimi na Shangazi tulishindwa kuamua nani kati yetu ahamie Dar, au kama kuna wa kuhamia hata mmoja, wakati watu wenye akili zao walikuwa wanatoka Dar na magunia yao kurudi makwao. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilivyozaliwa na kulelewa siandiki. Nikianzia huko sitafika. Nitajitahidi nisijipendelee. Nikijipendelea mnisamehe, maana upande wangu nilikuwepo peke yangu.

Tulikaa vyumba viwili vilivyotazama barabara. Cha mbele kilikuwa cha kazi: maturubai yaliyokunjwa na kupangwa mpaka karibu na dari, benchi moja, kopo la chaki, na msumari ukutani tulipotundika shazia, zile sindano ndefu za kushonea magunia. Cha nyuma kilikuwa na kitanda kimoja cha sisi sote wawili, na sanduku la nguo ambalo ndilo lilikuwa meza. Nyumba nzima ilinuka dizeli na samaki wakavu, kwa sababu turubai hufyonza harufu ya kila mzigo lililoufunika. Kuna wiki tulinuka sabuni, tukajiona matajiri. Kuna wiki tulinuka mbolea, na majirani wakatusalimia kwa mbali. Hadi leo nikiviota vyumba vile naviota kwa pua. Ninaposhika sahani ya plastiki ya njano hapa jikoni kwangu nakumbuka zile mbili tulizokuwa nazo, moja ina ufa, na jinsi Shangazi alivyokuwa akiiwahi yenye ufa kabla sijanawa mikono, akidai kwamba mchuzi unaovuja unamfundisha kula haraka.

Kazi yetu ilikuwa kushona maturubai ya malori yanayovuka mpaka. Turubai likichanika hulishoni ukiwa peke yako, linavuta. Mmoja anaanzia mwisho huu, mwingine mwisho ule, mnakutana katikati mnafunga fundo moja. Mikononi tulivaa kipande cha tyubu ya tairi ili sindano isitoboe kiganja. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Fundi cherehani wa kwanza niliyepelekwa kwake kujifunza aliufunga mkono huo kwa kitambaa, akisema nitaharibu nguo za watu. Shangazi alinitazama siku ya kwanza nikihangaika na shazia kwa mkono wa kulia, akasema, "Hamisha. Turubai halijui mikono." Akanikatia tyubu ya kiganja cha kushoto. Kwenye chakula hakunihurumia hata siku moja: kula ni kwa kulia, na nikisahau ananigonga kidole kwa mwiko.

Mshono ukiisha lazima ujaribiwe. Turubai linatandazwa juu ya fremu ya miti uani, mmoja analala chini yake kifudifudi kwanza kuondoa mawe, kisha chali, na kutazama juu. Hata jua liwe kali vipi, mle chini ni giza la kijani au la bluu, na kila tundu linaonekana kama nyota. Ukiliona unaita "Nyota," unalisukuma kwa kidole, na aliye juu anaweka chaki. Chini nilikuwa nalala mimi, kwa kuwa mgongo ulikuwa mzima. Nilipenda mle. Sauti za nje zinakufikia zote, na watu husahau kwamba una masikio.

Sasa jambo la jina. Kwetu mwanamume wa ukoo wetu ni Simwinga na mwanamke ni Namwinga. Shangazi ni dada wa baba, kwa hiyo yeye ni Namwinga na mimi ni Namwinga, na bibi mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambaye sijawahi kumwona, naye ni Namwinga. Hapa hakuna anayechanganyikiwa. Ukiita tunajua kwa sauti unamtaka nani. Lakini madereva wa mbali waliona neno lile limeandikwa kwa chaki kwenye mlango wetu, NAMWINGA MATURUBAI, wakadhani ni jina la mtu, kama Asha au Maria. Hatukuwasahihisha. Mtu anayekuletea kazi humfundishi ukoo.

Mwezi wa tano mwaka ule foleni ya malori ilipita nyumba yetu ikaelekea Vwawa mpaka usione mwisho. Ugonjwa ulikuwa umeingia duniani, na kila asubuhi kulikuwa na neno jipya: mpaka umefungwa, mpaka umefunguliwa nusu, madereva watapimwa, majibu hayajarudi. Sitasema nilijua lililo kweli, sikujua. Ninachojua ni kwamba kazi ilijaa, kwa sababu lori lililosimama wiki mbili upepo unalichana turubai, na ni kwamba watu waliogopa madereva, na baada ya kuwaogopa madereva wakatuogopa sisi tulioshika vitu vyao. Mwanamke aliyekuwa akituuzia maziwa alianza kuyaweka kwenye jiwe barabarani na kurudi nyuma hatua kumi. Shangazi alikuwa akimwinamia kwa heshima kubwa kama anapokea ekaristi. Mwishowe yule mama alicheka, lakini jiwe hakuliacha.

Siku moja mchana nilikuwa chini ya turubai. Nimekwisha kuita nyota ya nne nikasikia sauti ya Hamadi. Hamadi alikuwa dereva wa Tanga, mwembamba, mwenye maneno, mteja wetu wa zamani.

"Mama Yuniki, tajiri wangu kanituma."

"Kakutuma nini na wewe umekwama hapa siku tisa?"

"Kwa simu. Anamtaka Namwinga. Anafungua karakana yake ya maturubai kule Dar, kachoka kushonesha njiani. Anataka Namwinga akaisimamie."

"Namwinga yupi?"

"Kwani wapo wangapi?"

"Tukiwatoa wanaume, nusu ya ukoo."

Niliona kivuli cha miguu ya Hamadi kikisogea kwenye ukingo wa turubai. "Mama, usinichanganye, nina mafua ya foleni. Namwinga anayeshona."

"Tunashona wawili."

"Basi yule aliyeshona lile la bluu, pale mgongoni. Lilikwenda Kolwezi kule Kongo na kurudi masika yote, sukari haikulowa hata punje. Tajiri alipanda juu ya lori mwenyewe na kanzu yake, akaupapasa ule mshono kama anapapasa ng'ombe wa kununua."

"La bluu tulishona wote."

"Mtajuana wenyewe. Mimi nimefikisha."

Nilibaki chali nikitazama zile nyota. Moyo ulikuwa unagonga mpaka nikahisi turubai linatikisika. Nilikuwa na hakika kwamba ananitaka mimi. Nilikuwa kijana. Anayeitwa mjini ni kijana, mtu mzima haitwi, mtu mzima anatembelewa. Nikangoja Shangazi aniambie. Jioni ile tulikula ugali na maharage ya Ibaba, yale madogo yanayoiva upesi, na hakusema neno. Kesho yake hakusema. Siku ya tatu alizungumzia bei ya nta.

Nilikwenda kwenye daftari langu kutafuta siku tuliyoshona lile la bluu, nione nani alishona mgongo. Nililipata, mwezi wa pili. Nilikuwa nimeandika: "La bluu la Hamadi, mgongo na kona nne. Mvua. Kande." Basi. Nilikuwa na daftari la miaka kumi na mbili linaloweza kukuambia tulikula nini siku yoyote, wala haliwezi kukuambia nani alifanya nini. Nililifunga kwa hasira, kisha nikalifungua tena na kuandika tulichokula siku ile.

Hapo ndipo nilipoanza kuwauliza madereva juu ya Dar. Nilijifanya nauliza kwa kupitisha muda, huku nikifunga mshono magotini. Mmoja aliniambia kwamba kule mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo kabla hujaona hata choo. Mwingine akasema maji unanunua kwa dumu, mkaa unanunua kwa kopo, na mgeni akilala siku ya tatu wapangaji wenzako wanaanza kuuliza umeme anachangia nani. Wa tatu akasema kwamba hayo yote ni kweli na bado yeye hawezi kuishi penginepo, kwa kuwa kule mtu mwenye kazi ya mkono halali njaa na hakuna anayekuuliza wewe ni wa nani. Niliandika yote. Baada ya wiki nikagundua kitu: aliyetoka Dar juzi alikuwa anailalamikia Dar, na aliyetoka Kongo alikuwa anaisifu. Mji ni uleule, kinachobadilika ni umbali wa msemaji. Nilifurahi kwa ugunduzi huo kama nimeokota kitu, nikasahau kidogo kwamba nilikuwa natafuta jibu.

Jambo la kuhama wakati ule halikuwa dogo. Tulikuwa hatujui kama mwezi ujao malori yatakuwepo. Mpaka ukifungwa kabisa, Mpemba hakuna turubai la kushona. Mpaka ukifunguka, foleni itaisha na kazi itapungua. Kwa Dar tulisikia kuna watu wanaumwa, tukasikia hakuna. Kwa hiyo kukaa kulikuwa ni kucheza kamari na kwenda kulikuwa ni kamari ileile, ila ya kwenda ilikuwa na kodi ya miezi sita.

Namba ya tajiri nilimwomba Hamadi. Nikamwambia Shangazi ndiye aliyenituma. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Nilipiga simu mchana nyuma ya duka la vipuri, nimeinama kwenye ukuta ili upepo usiingie kwenye simu.

"Naongea na Namwinga?"

"Ndiye."

"Namwinga wa maturubai?"

"Ndiye."

"Mama yangu, shikamoo."

Alikuwa mtu mzima, sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye wajukuu. Nilielewa palepale. Mtu wa umri ule hamwamkii msichana wa miaka ishirini na saba. Hamadi alikuwa amemweleza mama wa makamo, mtulivu, bingwa wa kazi, na ndiye aliyekuwa akimwita. Nilikuwa na nafasi ya kusema, baba, samahani, mimi ni mtoto wa kaka yake. Maneno hayo ni mafupi. Badala yake nikaitikia, "Marahaba."

Akaendelea kuniheshimu. Akasema amesikia nimetulia, sina mambo mengi, mkono hautetemeki. Akasema anajua mji ni wa gharama na wakati ni mbaya, kwa hiyo kodi ya mwanzo ataitanguliza yeye. Nilisema "ehe" na "sawa" kwa sauti nzito niliyoitengeneza, mpaka nikaanza kuiga hata kikohozi cha Shangazi. Kisha nikasema mtandao unakatika, nikakata. Nilisimama pale nikiwa nimeamkiwa na mzee wa watu, na shikamoo ile ikawa imenikaa kifuani kama ugali uliomezwa bila mchuzi.

Siku nne nilikaa nayo. Naziandika nne kwa sababu ndizo, ningependa ziwe mbili. Siku ya tano tulikuwa tunakula kande mlangoni, adhuhuri, nikasema, "Shangazi, nimepokea shikamoo yako."

Aliweka kijiko. Nikamweleza yote, uongo wa kwanza na wa pili, na kikohozi. Alicheka mpaka machozi, akakohoa kweli, akacheka tena kwa kujisikia anakohoa. "Umeitikiaje?"

"Marahaba."

"Vizuri. Ungenyamaza angedhani sina adabu."

Nikamwambia asicheke, mwenzake nimeona haya. Akajibu kwamba alijua tangu siku ile nilikuwa nimesikia. "Uliacha kuita nyota, binti. Turubai lilikuwa na matundu saba, wewe uliita manne ukanyamaza. Matatu niliyatafuta mwenyewe na mgongo huu."

"Sasa mbona hukusema kitu?"

Aliokota punje ya mahindi iliyoanguka kwenye khanga yake, akaitazama pande zote kana kwamba nayo ina mshono. "Nilikuwa naona aibu."

"Ya nini?"

"Ya kutaka."

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba Shangazi anaweza kutaka kitu kisichopikwa. Alikuwa na miaka hamsini na tatu. Akasema ameshona mizigo ya watu miaka ishirini na moja. Anajua harufu ya bandari na harufu ya Kongo, na mwenyewe hajavuka Mbeya mjini, alikokwenda mara mbili, zote msibani. "Kila lori linatoka mahali linakwenda mahali. Mimi nipo katikati kama fundo. Nataka nikaone uzi unakoanzia." Kisha haraka, kama anayejirudi: "Lakini wewe ndiye kijana. Ukitaka, nenda. Tajiri hajui sura zetu."

Nilimwambia anipe siku mbili. Nikaenda kulala chini ya turubai lisilo na kazi yoyote, nikajiuliza kwa haki. Niliiweka Dar mbele yangu jinsi madereva walivyonipa, dumu la maji, kopo la mkaa, mtaa ambao hakuna anayekuuliza ni wa nani. Nikasubiri nione kama moyo utagonga kama siku ile. Haukugonga. Ulikuwa umegonga siku ile kwa sababu ya kuitwa. Nilitaka niwe ndiye niliyeitwa, na baada ya hapo nibaki. Sijui kama hii ni sifa au ni upungufu. Wengine watasema niliogopa bei, na siwezi kuwaapia kwamba bei haikuwemo.

Ndugu walipopata habari kwamba anayekwenda ni Shangazi, baba mdogo alikuja kutoka Msangano na mfuko wa mchele mpya na uso wa kikao. Alikaa kwenye benchi letu moja, kwa hiyo sisi tulikaa juu ya maturubai, tukawa juu yake, jambo lililomkera tangu mwanzo. "Dada," alisema, "watu wanakimbia kule. Mtoto wa jirani yangu karudi na godoro. Wewe unahamia mji wa bei mwaka huu wa mashaka, na umri huo? Mtu huhamia mjini akiwa na ujana mgongoni au pesa mfukoni. Una nini wewe?"

"Nina macho."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kuonea, mdogo wangu. Kama ya kwako, ila mimi nataka kuyatumia."

"Na ukiugua nani atakuuguza?"

Hapo hakujibu kwa mzaha. Alisema hajui. Nami naandika kwamba baba mdogo hakuwa mbaya, wala hakukosea kwa mengi. Alituuliza maswali ambayo sisi wawili tulikuwa tunazunguka pembeni yake kama kuku anavyozunguka jiwe. Tena mchele alioleta tuliupika siku ileile, na alipoondoka alimwachia dada yake shuka lake zito la safari, akisahau au akijifanya amesahau kwamba Dar hakuna baridi.

Shangazi aliondoka mwezi wa nane, asubuhi ya vumbi, ndani ya lori la Hamadi, ameketi wima kama anapigwa picha. Alichukua shazia tatu na sahani yenye ufa. Mimi aliniachia kopo la chaki. Wiki ile nilishona turubai peke yangu kwa mara ya kwanza, nikaenda mwisho huu na kurudi mwisho ule, nikalitandaza, nikalala chini. Niliona nyota, nikaita kwa mazoea, "Nyota." Hakukuwa na wa kuweka chaki. Nilitoka, nikaitafuta kwa juu, sikuipata, nikaingia tena. Nilifanya hivyo mpaka nikajifunza kusukumia kijiti kwenye tundu na kukiacha hapo. Ni njia nzuri, bado naitumia. Siku niliyoigundua ndiyo siku niliyojiita fundi, na naiandika bila kujisifu sana kwa sababu niliigundua huku machozi yananitoka.

Kutoka Dar alinipigia simu kila Jumapili. Alipanga chumba Tandika. "Joto linakaa na mimi chumbani," alisema, "na kodi halichangii." Wakati mwingine alisema, "Hapa hata kivuli kina mwenyewe." Aliiona bandari mwezi wa kwanza, akaniambia kwamba ni kubwa na ina makelele na kwamba alisimama getini akitazama malori yanatoka bila turubai hata moja lililochanika, akajisikia kama mkunga anayetazama watoto wa shule. Aliugua mara mbili, wapangaji wenzake wakamuuguza. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akigombana naye kila mwezi juu ya umeme. Baba mdogo nilimweleza. Alisema, "Aa." Nikaona ni haki yake kusema hivyo tu.

Leo, baada ya chai, ndipo aliponyoosha mkono akaufungua mfuko. Mume wangu Simbeye alikuwa amekwenda na bajaji yake stendi. Nyumbani tulikuwa mimi, Shangazi na binti yangu Zawadi, wa miaka mitatu na nusu. Ndani ya mfuko kulikuwa na kipande cha turubai la bluu lililopauka, urefu wa mkono, na katikati yake mshono. "Lilichakaa likatupwa," alisema. "Nikaukata mgongo."

Nililipeleka mlangoni kwenye mwanga. Anayeshona kwa kulia, mishono yake hulalia kulia. Hii yote ilikuwa imelalia kushoto, midogo, ya karibu karibu, kama mvua ya upepo.

"Uliona lini?"

"Mwaka wa kwanza. Mwezi wa kwanza, kusema kweli. Lililetwa karakanani kuwekwa vitundu vya kamba."

"Na tajiri?"

"Tajiri hajui mishono inalalia wapi. Kila mgeni akija anamwonyesha: huyu ndiye Namwinga wa sukari. Nami naitikia."

Upepo ulikuwa umetulia kidogo. Niliuliza, kwa sababu nilitaka kujua na si kwa ugomvi, kwa nini hakuniambia. "Ningekuambia ungekuja. Au usingekuja, lakini ungebaki hapa ukijua ulipaswa kuja. Na mimi nilikuwa bado sijamaliza kuona." Akapapasa kile kipande kwa kidole gumba. "Ulipokea shikamoo yangu siku nne. Mimi nimekula sifa yako miaka mitano. Hesabu haziendi sawa, najua."

Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Aliyeitwa alikuwa yeye, kilichoitisha kilikuwa mkono wangu, na mkono huo nisingekuwa nao kama yeye asingesema hamisha. Nikiuanzia uzi huu nakuta fundo, nikiuanzia ule nakuta fundo lilelile. Hasira niliitafuta. Ipo, ndogo, nimeiandika hapa ili asije mtu akasema niliificha.

Macho yake sasa hayaoni tundu la shazia. Ndiyo maana amerudi. Na tajiri, ambaye naye amezeeka, amempa ujumbe: akifika nyumbani amtafutie mwingine wa mkono uleule, kodi ya mwanzo ataitanguliza kama zamani. "Anasema nimpelekee Namwinga," alisema, akinitazama kwa yale macho yasiyoona vizuri. "Safari hii nina hakika ni yupi."

Nje kulikuwa na maturubai mawili yananingoja na kijiti changu kimeota kwenye moja. Nilijisikiliza kama nilivyojisikiliza miaka ile. Moyo uligonga, sitadanganya, uligonga mara moja na kwa nguvu. Kisha ukaendelea na kazi zake.

"Mwambie nimepokea salamu zake," nilisema. "Mwambie Namwinga anamwamkia shikamoo."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Ana deni langu la kuitikia marahaba."

Jioni tulikula ugali, kapenta, wale dagaa wa Nakonde, waliokaangwa na nyanya, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Simbeye alimletea Shangazi chikanda kutoka ng'ambo, ule unga wa mizizi ya porini unaosongwa na karanga ukakatwa vipande kama mkate, kwa kuwa alisema ameuota miaka yote huko Tandika. Tulikula wote kwa mkono wa kulia. Kilipobaki kipande kimoja nilimsogezea Shangazi sahani, naye akanirudishia. Zawadi akauliza hicho ni cha nani. "Cha Namwinga," alisema Shangazi, na tukabaki tunakitazama sote wawili. Zawadi, ambaye baba yake amemfundisha jina lake la ukoo vizuri, akasema, "Mimi Nambeye," akakichukua, akakila.